Kutomea, Kusiriba na Kupaka Chokaa: Msamiati wa Kumalizia Nyumba katika Mtaa wa Kuze, Mombasa

1. Utangulizi

Nyumba iliyokwisha kuinuliwa kuta na kutiwa dari bado si nyumba ya kukaa watu. Hubaki kazi ya ndani: kuziba matundu ya kuta, kuzivika lipu, kuzilainisha, kuzipaka chokaa, kupiga sakafu, na kutia milango na madirisha. Kazi hii huchukua siku nyingi, hula fedha nyingi, na ndiyo inayoonekana na kila aingiaye. Ina pia msamiati wake, ambao wanafunzi wa lugha hawajaushughulikia kama walivyoushughulikia ule wa ushairi, wa dini au wa ubaharia.

Makala haya yanakusudia kuueleza msamiati huo kwa kuutazama mtaa wa Kuze, mmojawapo wa mitaa ya Mji wa Kale katika kisiwa cha Mombasa. Kuze panafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mna nyumba za aina mbalimbali zilizosongamana katika vichochoro vyembamba: nyumba za mawe za ghorofa zenye roshani za mbao, nyumba za chini za asili ya fito na udongo, na majengo mapya ya matofali ya simiti. Kila aina ina namna yake ya kumaliziwa, na kila namna ina maneno yake.

Hoja inayotetewa hapa ni moja. Vitenzi vya zamani vya kumalizia nyumba havikuwa visawe. Kila kimoja kilitaja kwa pamoja kitu kinachopakwa, namna ya kukipaka, na tabaka lake katika mfululizo wa kazi. Vitenzi hivyo vinapoachwa na mahali pake kushikwa na usemi mmoja wa jumla, kama vile "kupiga plasta", lugha hupoteza tofauti ambazo ukuta wenyewe haukuzipoteza. Na hasara hiyo huonekana baadaye katika kuta.

2. Kuaka na kujenga

Inafaa kuanza na kazi itanguliayo ile ya kumalizia. Kiswahili cha pwani kilitofautisha kujenga na kuaka. Kujenga ni neno pana, na kwa asili lilielekea zaidi kwenye kazi ya miti: kusimamisha nguzo, kufunga fito, kuezeka makuti. Kuaka ni kujenga kwa mawe na chokaa. Kitenzi hiki kimo katika kamusi kongwe, lakini katika mazungumzo ya siku hizi ni nadra kusikika.

Hata hivyo, mtoto wake yungali hai. Mwashi, yaani fundi wa mawe, ni nomino ya mtendaji itokanayo na aka kwa kanuni ile ile itoayo mpishi katika pika na mwandishi katika andika: konsonanti k hugeuka sh mbele ya kiambishi tamati i. Hivyo Kiswahili cha leo kina mtendaji ambaye kitendo chake kimesahauliwa. Wasemaji husema kwamba mwashi "anajenga", na uhusiano wa neno na shina lake umewafichika wengi wao.

Tofauti hiyo ya kazi ilikuwa pia tofauti ya kitu kinachoinuliwa. Ukuta, katika matumizi ya makini, ni wa mawe. Kiambaza ni kile cha miti na udongo. Kiambaza hukandikwa: udongo uliokandwa kwa maji hushindiliwa kwa mikono baina ya fito mpaka mifupa ya nyumba ifunikwe. Ukuta wa mawe haukandikwi, kwa kuwa hauna fito za kushika udongo, wenyewe hutomewa. Msemaji aliyejua lugha ya ufundi hakuhitaji kuambiwa nyumba ni ya aina gani. Alisikia kitenzi akajua.

3. Mfululizo wa kazi ya kuta

Mawe ya nyumba za zamani za Mji wa Kale ni ya matumbawe, yaani mawe ya pwani yaliyoumbwa na viumbe vya baharini. Ni mawe yasiyo sawa, yenye matundu na pembe, na hata yakipangwa kwa ustadi huacha nafasi nyingi baina yao. Kazi ya kumalizia huanza na nafasi hizo.

Tabaka la kwanza ni kutomea. Mwashi huchukua vijiwe vidogo pamoja na chokaa iliyochanganywa na mtanga, kama Kimvita kiitavyo mchanga, akavidunga katika matundu ya ukuta mpaka uso wake ukaribiane na usawa. Kazi hii huokoa chokaa, maana tundu lililojazwa chokaa tupu hula nyingi na hupasuka linapokauka. Pia huupa ukuta mahali pa kushika tabaka lifuatalo. Umbo la neno lenyewe lina mafunzo kwa mwanaisimu. Ch ya Kiunguja katika maneno mengi ni t katika Kimvita na Kiamu: mchanga na mtanga, cheka na teka, chini na tini. Kwa kanuni hiyo, choma cha Kiunguja, kwa maana ya kudunga, ni toma kaskazini. Huenda basi kutomea ni hali ya kutendea ya toma, yaani kudungia vijiwe mahali. Ikiwa ndivyo, neno hili liliingia katika Kiswahili sanifu likiwa na umbo lake la kaskazini, bila kubadilishwa kuwa "kuchomea", ambalo lina kazi nyingine.

Tabaka la pili ni lipu. Hili ni vazi nene la chokaa na mtanga, na mara nyingine udongo mwekundu, linalotupwa na kusawazishwa kwa mwiko. Timazi na ubao mnyoofu hutumika kuhakikisha kwamba ukuta haukupinda. Neno lipu lina asili ya Kihindi, na si ajabu, kwani mafundi kutoka Kachchh na Gujarat walikuwa na mkono mkubwa katika majengo ya Mombasa na Unguja ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20.

Tabaka la tatu ni kusiriba. Kusiriba ni kupaka tabaka jembamba la mwisho ili uso uwe laini. Kitenzi hiki hutumika kwa nyumba ya udongo na ya mawe pia. Kinachobadilika ni kitu kisiribwacho. Katika kiambaza ni udongo laini uliochekechwa; katika ukuta ni chokaa iliyochekechwa. Kwa hiyo kusiriba hakutaji kitu bali hutaja mahali katika mfululizo: ni kule kulainisha kunakofuata kukandika au kupaka lipu. Katika nyumba za wenye uwezo ilitumika niru, nayo ni chokaa safi iliyolainishwa sana na kusuguliwa mpaka ukuta ung'ae. Neno hili nalo lina ndugu zake Bara Hindi, ambako mafundi huliita vazi la namna hiyo kwa jina lililo karibu sana na hili.

Mwisho huja kupaka chokaa. Chokaa iliyozimuliwa kwa maji mengi hupakwa kwa brashi au kwa kicha cha nyuzi, mara mbili, tatu au zaidi. Hili ndilo tabaka pekee ambalo mwenye nyumba aliweza kulirudia mwenyewe, na lilirudiwa aghalabu inapokaribia harusi au sikukuu ya Idi.

Mfululizo huu haukupangwa kwa desturi tu. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuu la magogo. Mawe hayo yakifikia joto la kiasi cha digrii 900 hutoa hewa ya kaboni yaliyoifunga. Kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ikae. Ikishapakwa ukutani hukauka polepole, na huku ikikauka huivuta tena ile hewa ya kaboni hata ikarudi kuwa jiwe. Tabaka nene likipakwa kwa mara moja hukauka juu na kubaki bichi ndani, likapasuka. Ndiyo sababu ya kuwapo tabaka nyingi nyembamba, ya kulowesha ukuta kabla ya kila tabaka, na ya kupendelea miezi isiyo ya masika. Vitenzi vinne vya mwashi vilikuwa, kwa hakika, ratiba ya kazi iliyohifadhiwa katika lugha.

4. Sakafu na dari

Neno sakafu limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni paa au dari. Katika Kiswahili limekuwa na maana ya chini panapokanyagwa. Mgeuko huu waweza kuonekana wa ajabu mpaka mtu aitazame nyumba ya ghorofa. Kilicho juu ya kichwa cha mkaaji wa chini ndicho kilicho chini ya mguu wa mkaaji wa juu, na hata paa la nyumba ya mawe lilikuwa bapa, likajengwa namna moja na sakafu za kati. Waswahili hawakukosea maana ya neno. Walilitazama jengo lile lile kutoka upande wa pili. Upande wa chini uliachiwa neno dari, ambalo huitwa pia ghorofa yenyewe, kama inavyosikika katika usemi "amepanda darini".

Namna ya kuitengeneza ilikuwa hivi. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba uzito huo ikiwa ndefu mno, vyumba vya zamani ni vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Juu ya boriti yalipangwa mawe bapa, na juu ya mawe ukamwagwa mchanganyiko wa kokoto na chokaa. Mchanganyiko huo ulipigwa kwa vipande, yaani magongo mafupi mazito, na wafanyakazi wengi waliojipanga safu, kwa mapigo ya pamoja na kwa nyimbo, huku maji yakinyunyizwa, mpaka ukashikana.

Hapa pana jambo linalohusu sarufi. Katika usemi "kupiga sakafu", kitenzi piga kilikuwa na maana yake kamili: sakafu ilipigwa. Leo sakafu ya simiti humwagwa na kusawazishwa, na hakuna anayeipiga. Lakini usemi umebaki. Piga hapa kimekuwa kitenzi kisaidizi kisicho na uzito, kama katika "kupiga pasi" au "kupiga simu". Kwa mfano huo zimezaliwa semi nyingi za kazi ya ndani: kupiga lipu, kupiga plasta, kupiga rangi, kupiga msasa. Yaelekea kwamba "kupiga sakafu", pamoja na "kupiga lipu", ambamo mna kutupa kwa kweli, ni miongoni mwa milango ambayo muundo huu uliingilia katika lugha ya ujenzi. Muundo ni mwepesi na unapokea nomino yoyote ya kigeni. Wepesi huo una gharama: kitenzi hakimwambii tena msikizaji jinsi kazi inavyofanywa.

5. Mlango, dirisha na kidaka

Kuta na sakafu zikishakauka, huja zamu ya seremala. Katika msamiati wake asili za maneno zimepangika kwa namna ya kuvutia. Sehemu zinazobeba mlango zina majina ya Kibantu: kizingiti, na mwimo, ambao ni nguzo ya ubavuni isimamayo wima, jina lake likitokana na ima, shina la kale la kusimama. Komeo pia linatokana na kitenzi cha Kibantu, komea. Vinavyoongezwa juu ya hayo vina majina ya kigeni: bawaba na nakshi kutoka Kiarabu, dirisha na roshani kutoka Kiajemi. Ukiongeza lipu na niru za Kihindi, na plasta na simiti za Kiingereza, chumba kimoja cha Kuze kinatosha kuonyesha historia ya mawasiliano ya bahari ya Hindi bila ya kufungua kitabu.

Kidaka ni tundu la ukutani lisilotokea upande wa pili, la kuwekea taa, msahafu au vyombo. Wingi wake katika Kimvita ni vidaka. Katika Kiamu ni zidaka, kufuatana na ngeli ya ki-zi ya lahaja hiyo. Umbo la Kiamu ndilo lililoenea katika maandishi ya wataalamu wa majengo, kwa kuwa ni Lamu ndiko kulikohifadhiwa kuta nzima za vidaka vilivyopambwa kwa chokaa iliyochorwa, vikiwekwa sahani za kaure. James de Vere Allen, katika makala yake ya 1979 kuhusu nyumba ya Kiswahili, alionyesha kwamba mpangilio wa vyumba na mapambo yake ulifungamana na itikadi na taratibu za wakaaji. Kwa fundi, hata hivyo, kidaka ni suala la mfululizo: hakina budi kuachwa nafasi wakati wa kuaka, kutomewa kingo zake pamoja na ukuta, na kuchorwa kabla chokaa haijakauka. Nyumba iliyosahauliwa vidaka wakati wa kuaka haiwezi kuvipata baadaye ila kwa kuvunja. Shubaka, ambalo kamusi huliweka karibu na kidaka, aghalabu hupenya ukuta na kuingiza mwanga au hewa.

6. Kuingia kwa simiti

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa kisiwa, kilianza kuzalisha mwaka 1954. Malighafi yake yalikuwa mawe ya matumbawe ya kale. Hivyo kwa asili simiti ya Bamburi na chokaa ya Kuze ni ndugu. Lakini simiti huchomwa pamoja na udongo kwa joto la kiasi cha digrii 1,450, hushikana kwa maji katika saa chache, na huwa ngumu na nzito, isiyopitisha unyevu kwa wepesi. Fundi aliyeizoea aliweza kumaliza kwa siku kadhaa kazi iliyochukua majuma.

Majina yake mawili yana historia tofauti. Simiti, jina la Mombasa, limetoka Kiingereza. Saruji, jina la Kiswahili sanifu, ni neno la zamani la Kiarabu na Kiajemi. Huko Oman neno hilo ni jina la lipu ya asili itengenezwayo kwa udongo uliochomwa, pengine pamoja na chokaa, na kutumika katika ngome na mifereji ya maji. Kiswahili kimelihamisha jina la kitu cha kale likawa la kitu kipya. Uhamisho wa namna hii ni wa kawaida katika lugha, na kigae ni mfano mwingine: kipande cha chungu kilichovunjika kimekuwa bamba linalong'aa la kutandika sakafuni. Lakini jina linapohama, kitu cha kale hubaki bila jina, na kisicho na jina ni vigumu kukiagiza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa chokaa pia, ingawa kwa njia nyingine. Neno halikuhama bali lilipungua. Zamani chokaa ilikuwa ndiyo gundi ya mawe, ndiyo lipu, ndiyo niru, ndiyo rangi. Simiti ilipochukua kazi tatu za kwanza, neno chokaa lilibakia, kwa wasemaji wengi, na maana ya nne tu: maji meupe ya kupaka ukutani. Mwenye nyumba akiambiwa kwamba ukuta wake wa kale wahitaji chokaa, huweza kuelewa kwamba unahitaji kupakwa rangi nyeupe.

Hapo suala la lugha linakuwa suala la nyumba. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke. Inapochakaa hupukutika yenyewe na kulilinda jiwe. Lipu ya simiti huufunga. Unyevu usiopata njia hupanda juu, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, simiti huvimba na kubanduka ikitoka na uso wa jiwe, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza. Mji wa Kale uliwekwa chini ya hifadhi ya kisheria mapema katika miaka ya 1990, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ofisi ya kuusimamia. Lakini sheria hushughulika zaidi na yanayoonekana njiani: roshani, milango, kimo cha jengo. Yanayotendeka ndani ya chumba huamuliwa katika mazungumzo mafupi baina ya mwenye nyumba na fundi. Katika mazungumzo hayo, "nipigie plasta" ni amri isiyosema ni plasta ya nini. Nayo, kwa mazoea ya leo, huleta simiti.

7. Kamusi na istilahi

Mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa mwaka 1928. Mara nyingi uchaguzi huo hutajwa kuwa sababu ya kupuuzwa kwa maneno ya Kimvita. Katika msamiati wa uashi lawama hiyo haitoshi. Mombasa na Unguja zilijengwa kwa mawe ya namna moja na kwa ufundi wa namna moja, na aka, tomea, siriba na lipu hayakuachwa nje ya kamusi. Udhaifu uko katika fasili. Kwa kuwa ni fupi, mara nyingi hulieleza neno moja kwa jingine, hata tomea, kandika na siriba yakaonekana kuwa njia tatu za kusema "paka". Mafunzo ya ufundi nayo katika vyuo vya Kenya hutolewa zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi wa uashi hutoka na neno plasta kwa tabaka zote.

Fasili ya kitenzi cha ufundi yafaa ijibu maswali matatu: ni kitu gani kinachotumika, kinawekwaje, na ni tabaka la ngapi. Kwa kipimo hicho, kutomea kungefasiliwa hivi: kujaza matundu ya ukuta wa mawe kwa vijiwe na chokaa kabla ya kupaka lipu. Kukandika: kushindilia udongo kwa mikono baina ya fito za kiambaza. Kusiriba: kupaka tabaka laini la mwisho la udongo au chokaa juu ya kiambaza kilichokandikwa au ukuta uliopakwa lipu. Niru: chokaa iliyolainishwa, ya kusugulia uso wa ukuta uliosiribwa. Fasili hizi si ndefu, na zinampa mwandishi wa istilahi maneno manne yaliyokwisha kuwapo badala ya kubuni mapya.

Zinampa pia mwenye nyumba wa Kuze kitu anachokihitaji kuliko mwanaisimu. Akisema "ukuta huu utomewe kwanza, kisha upakwe lipu ya chokaa", ametaja kitu, namna na zamu, na fundi hana nafasi ya kufahamu vingine. Waashi wanaoweza kuitekeleza amri hiyo wangali wapo Mombasa, Lamu na Unguja, wengi wao kwa sababu ya kazi za hifadhi. Kukusanya maneno yao kwa mpangilio wa kazi, tabaka baada ya tabaka, badala ya mpangilio wa alfabeti, ni kazi ambayo idara za lugha zinaiweza, na yafaa ifanywe maadamu mafundi hao wangali kazini na miko yao mikononi.